Bolti ya Kumi na Nne

Mlango wake haufunguki kwa ndani.
Watu huambiwa hilo, hutikisa kichwa, kisha hulisahau.
Bolti kumi na nane, zote ziko nje, upande wangu.
Miaka mitatu nimezikaza kwa spana ya kipimo
kwenye sitaha ya meli mama, nje ya Horta,
mlima wa Pico ng'ambo ukijifunga wingu kama kilemba.

Ndani hukaa watano, magoti yakigusana.
Chini, mita elfu mbili, kuna chemchemi zinazotema moshi mweusi,
na watu hulipa bei ya nyumba
wazitazame dakika arobaini
kupitia dirisha la ukubwa wa sahani.
Siwacheki. Nami ningependa kuona.

Lakini bahari ina uzito kule.
Kila palipo na upana wa ukucha
wamesimama watu wazima watatu,
hawachoki, hawapokezani zamu.

Safari ya Mei iliporudi, nikikiosha chombo chumvi,
niliweka sikio ubavuni mwake.
Tik.
Ndogo, kama mtu avunjaye tambi kavu chumba cha pili.
Nikasubiri. Tik.
Mhandisi, Bwana Valdemar Brum, akaniambia:
"Nyuzi za kaboni zinazoeana tu."
"Zinazoea nini?"
Akaangalia saa.

Nikaandika barua. Nikaandika ya pili.
Dona Graciete, mkurugenzi, alinijibu kwa upole,
upole wa mtu aliyekwisha kuuza tiketi za Agosti:
"Belmira, tumeshuka mara kumi na mbili,
tumerudi mara kumi na mbili."
Kana kwamba kurudi ni cheti.
Kana kwamba mlevi aliyefika kwake usiku
amezikagua breki za gari.

Asubuhi ile ya Juni alikuwapo daktari wa meno kutoka Braga
na binti yake Leonilde, miaka kumi na sita,
soksi za sufi zenye picha za pweza.
Hati ya kuondoa lawama ilitaja kifo mara nne ukurasa wa kwanza.
Baba alitia sahihi mbili, yake na ya mtoto,
akitania mwandiko wa madaktari.
Tik haikuandikwa popote.

Nikakaza ya kwanza, ya pili, nikafika ya kumi na tatu.
Leonilde akanipungia kupitia kioo.
Mkono wangu ukagoma.
Si ushujaa; ushujaa nauogopa kama ulevi.
Ulikuwa mkono tu, umeshika chuma, haukazi.
Nikaweka spana chini, nikasema,
kwa sauti iliyotetemeka nami sikuipenda:
"Mimi sifungi."
Niliwaambia walio nje.
Walio ndani hawakusikia,
na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Wakanishusha kwa boti ndogo kabla ya saa nne.
Kijana Délio akamalizia bolti tano.
Jioni walirudi, wote, wazima,
Leonilde analia kwa furaha,
na baa nzima ya bandarini ikaniangalia
kama mtu aliyepiga yowe la moto pasipo moto.

Imeshuka mara nne tangu hapo. Imerudi mara nne.
Wameichora kwenye ukuta wa gati,
kati ya picha za mabaharia wanaoomba heri,
ya njano, inatabasamu.
Usipoziba ufa, utajenga ukuta; kule chini
habaki mtu wa kubeba tofali.

Siku hizi niko kwenye kivuko cha Madalena.
Nahesabu majaketi ya kuokolea, mia mbili na kumi,
kila safari, na abiria hununa.
Délio hupita jioni. Habari za kazi hatuzigusi.
Jana aliagiza kahawa, akaikoroga muda mrefu
bila kuitia sukari,
akauliza, macho kikombeni:
"Ile sauti, Belmira.
Ulisema ilikuwa upande gani?"