Makadirio ya Bi Mererid

Nilipima mara mbili, kisha mara ya tatu,
maana nyumba za Blaenau hazina pembe ya kweli hata moja:
ukuta wa kushoto umemwegemea jirani kama mlevi,
wa kulia unajikaza usionekane.
Mita tatu na sentimita arobaini, upande wa dirisha.
Mita moja na ushei, karibu na jiko.
Bi Mererid alinifuata na kikombe cha chai.
Hakuuliza kitu. Aliitazama penseli yangu tu.

Nikaandika nyuma ya bahasha:
jiwe lenyewe, pauni elfu moja na mia nane;
tundu la sinki, mia moja na themanini;
tundu la bomba, thelathini na tano
("Kwa tundu?" "Kwa tundu, bibi.");
kulainisha ukingo;
watu wanne wa kubeba, kwani ngazi zako ni kumi na moja
na jiwe halijui kukunja kiuno;
kung'oa mbao za zamani na kwenda kuzitupa;
mafuta ya kupaka;
na kodi ya serikali,
ambayo siku ya kubeba haishiki hata pembe.

Jumla, elfu tatu mia moja na arobaini.

Akacheka. "Hebu geuza shingo, Gethin."
Nje ya dirisha kulikuwa na mlima,
mlima mzima wa sleti iliyotupwa,
umeshuka hadi kwenye kamba yake ya nguo.
"Ile yote nauziwa na nani?"
Nikamweleza: ile ni mabaki, imechoka, inamumunyuka kama biskuti;
jiwe la kaunta linataka mwamba usio na ufa.
Nafuu yake ipo, inatoka Brazili, kwa meli.

"Sleti ije Blaenau kwa meli!"
Akaketi.
"Mbona hamjaanza kuiuzia bahari chumvi?"

Nilidhani tumemalizana.
Jumapili akanipigia simu: klabu ya wafanyakazi imefungwa,
Tecwyn mtunza funguo anauza vilivyomo,
viti, saa, meza ya biliadi.
"Chini ya kile kitambaa kuna nini?"
Nikanyamaza. Nilijua kuna nini.
"Ifor aliiachia meza ile mshahara wa Ijumaa
miaka kumi na tisa.
Mimi jiwe lile nimeshalilipa.
Wewe nihesabie kubeba."

Tulibandua kitambaa cha kijani, kikatoka na vumbi la chaki
na harufu ya sigara za watu waliokwisha kuzikwa.
Vipande vitano, vizito kuliko nilivyoapa.
Kwenye uso wa chini wa kimoja
mchongaji fulani alikuwa amekwaruza hesabu kwa msumari,
saba mara nne, thelathini,
na hakuna aliyemsahihisha.
Tecwyn alitaka pauni arobaini na mkate wa zabibu.
Tukachukua viwili.

Matundu ya skrubu nikasema nitayaziba.
"Acha."
Pembe iliyoliwa nusu mwezi, pale mpira ulipokuwa ukizama,
nikasema nitaikata iwe sawa na ukuta.
"Gethin, acha."

Basi ukuta nikauchonga mimi, ulifuate jiwe,
na kwa hilo sikuandika bei,
sijui kwa nini, si kawaida yangu.

Wiki iliyofuata nilirudi kudai salio.
Alikuwa anamenya viazi.
Akayakusanya maganda kwa ubapa wa kisu,
akainama, akafumba jicho moja,
akayasukuma taratibu hadi kwenye ile pembe
na ndoo chini ikapokea.

"Pembe hii Ifor hakuipata hata siku moja," akasema,
akafuta mikono kwenye aproni,
kisha akanihesabia zile thelathini na tano za tundu la bomba
kwa sarafu, moja moja, juu ya jiwe,
na kila moja aliishikilia kidogo kabla ya kuiachia.