Tundu Kumi na Mbili

Zulia lilikuwa rangi ya damu ya mzee,
jipya, bado lanuka gundi na ghala,
nami nilikuwa na keekee mkononi
na miezi mitatu ya ufundi,
yaani sikuwa na ufundi.

Gari ni Pijo ya Bi Zuwena,
imelala uani King'orani tangu mumewe afariki,
kuku wakitagia kiti cha nyuma.
Wiki nzima tulikwangua kutu
(chumvi ya mji huu hula chuma kama mchwa boriti),
tukapaka rangi, tukatandika blanketi la sufu, kisha zulia.
Likakaa. Likashika kila kona.
Yakabaki matundu.

Nikabonyeza.
Keekee haikutoboa. Ilidaka uzi mmoja,
uzi mmoja tu, ikajifunga nao shingoni,
na uzi ukang'oka mbio, trrrr,
kutoka mguu wa kiti hadi mlangoni,
ukaacha njia ya upara
kama kichwa alichokiacha kinyozi
kwenda kupokea simu.

Fundi Shekuwe alikuwa akinywa chai.
Akaitazama njia. Akaitazama keekee,
imepiga kilemba chekundu.
"Mashallah," akasema. "Kumbe wajua kusuka."
Akamaliza chai yake yote.

Kisha akanipa msharasi, akanituma chini ya gari.
"Juu ya zulia huna macho. Tundu liko chini, litafute chini."
Nikalala chali, oili ikinidondokea sikioni,
nikapapasa chuma kwa kidole kama atafutaye jino bovu,
nikalipata la zamani, nikasukuma ncha.
"Bado... bado... yaja. Hapo! Usitikise."
Nikasikia chaki ikikwaruza juu yangu.

Ng'ambo ya ukuta Mama Nyevu alikaanga viazi karai.
Fundi akamwomba pembe moja ya jiko,
akalaza makaani msumari wa inchi nne.
"Usiwe mwekundu," akaniambia,
"ukiwa mwekundu utakula zaidi ya haki yake."
Akaubana kwa koleo, akaupeleka penye chaki,
moja, mbili, akatoa.
Moshi mwembamba. Harufu ya nailoni
ikavuka ukuta, ikaingia kwenye viazi,
na Mama Nyevu akatutukana kwa Kigiriama
hadi msumari ukapoa, tukaenda kuomba tena.

Lakini tundu!
Duara, dogo, ukingo umeganda kama ukucha.
Kila uzi umeshikana na jirani yake,
hakuna wa kukimbia.
La tano nililifanya mimi. La sita nikaungua kidole.
La tisa sikuhesabu kwa sauti.

Alasiri Bi Zuwena akaja na mwavuli wake,
akaomba kopo la Kimbo tulimohifadhi parafujo.
Kumi na mbili. Washa kumi na moja,
na senti kumi ya kikoloni, ile yenye tundu katikati,
ambayo asubuhi nilitaka kuitupa.
"Washa ilipotea njia ya Mariakani," akasema,
"Taufiki akaitia hii. Nikamwambia pesa haikanyagwi.
Akaniambia, hii haikanyagwi, hii yashika kiti chako."

Akauona upara.
"Na hii je?"
Fundi akageukia kikombe kitupu.
"Ni mimi," nikasema.
"Kiti kitaifunika?"
"Nusu."
Akafunga mwavuli, akaufungua, akaufunga.
"Basi nusu hiyo nitaizoea."

Nikaiweka senti juu ya tundu la kumi na mbili.
Matundu mawili yakalingana, nikaona rangi ya chuma chini.
Parafujo ikapita yote mawili bila kugusa.
Bisibisi, polepole, mpaka ikakataa,
kisha robo mzunguko.
Nikainama karibu kabisa, shavu juu ya zulia.
Uzi haukusogea.