Namba Nne

Mteja kaweka kiwiko kwenye kaunta, kauliza:
"Mashine hii ya kuchomea sidii, ukiitumia kila siku,
hudumu muda gani?"
Nikamjibu mwaka mmoja, miwili ukiibembeleza.
Akalipa, akashika njia ya Kirinyaga,
boksi kwapani, risiti mdomoni.

Jibu lenyewe limo ndani ya daftari
na daftari sikulifungua. Biashara ni biashara.

Saba nilikuwa nazo, zimepangwa kwa mnara mmoja,
ghorofa ya pili, Luthuli, juu ya muuza spika
anayejaribu besi tangu saa mbili asubuhi
hadi karanga zangu zinatembea zenyewe mezani.
Kila moja niliiandika ubavuni, kwa wino mzito,
siku iliyoanza kazi.
Pembeni nikaacha nafasi ya tarehe ya pili.

Namba Moja, vumbi.
Namba Mbili, stima ilipotea katikati ya mahubiri
ikarudi na hasira.
Namba Tano haikuwahi kusalimia mtu:
dhamana ilikuwa ya siku saba, nami nikaenda siku ya nane.

Lakini Namba Nne, jamani.
Kiswahili chetu cha jiji hakina huruma,
kunakili tunakuita kuchoma,
basi Namba Nne ilichoma. Ilichoma harusi ya Mutheu na Kyalo,
kopi mia mbili, keki ikikatwa mara mia mbili.
Ilichoma kwaya ya Kariobangi, ikachoma matanga ya mzee Ondieki
(kopi moja ikarudishwa kwa kishindo:
mke wa pili hakuonekana hata kivuli).
Kila sidii kistari. Vistari vinne vimesimama,
cha tano kimelala juu yao kama mlevi.
Nilivihesabu usiku mmoja kwa mshumaa:
elfu tisa, mia nne na kumi na mbili.

Haikuvunjika. Kikombe ndicho huvunjika.
Leza hufifia kama macho ya fundi cherehani,
anasogeza sindano karibu, karibu zaidi,
na bado anaapa uzi ndio mbaya.
Nikalaumu sidii za bei rahisi. Nikabadilisha kebo.
Nikapangusa lenzi kwa pamba na spiriti.
Nikaipunguzia mwendo, kumi na sita, nane, nne,
kama unavyomshika mtu mkono kwenye ngazi.
Mwisho ikawa inatema kila ya tatu, kisha kila ya pili,
na zilizotemwa nikampelekea mama mkwe kule Matuu
azitundike kwa uzi shambani mwa mtama.
Ndege wa Matuu wanaogopa harusi hadi leo.

Namba Sita ingali nzima. Usiisifu.
Flashi ziliingia mjini,
watu wakaanza kubeba matanga na arusi zao mfukoni, ndani ya simu,
nayo ikakaa bure, ikanenepa vumbi.
Ukitaka kitu kidumu, kinyime kazi.

Jana jioni akaja Kerubo na bahasha ya kaki.
Ndani, sidii, mwandiko wangu,
na pembeni tarakimu ndogo: 4.
Nikailisha Namba Sita. Ikazunguka, ikakohoa, ikasoma.
Mama yake amesimama mbele ya kanisa,
kitambaa cha buluu kichwani, anashukuru wageni
mmoja mmoja, hata wa tenti.
Dakika ya arobaini na moja ikaganda,
mdomo wazi.
Nikaomba radhi kana kwamba ni mimi niliyemkatiza.
"Wacha," akasema Kerubo. "Hapo alikuwa anapiga chafya."

Nikamchomea mpya. Hakuuliza itadumu muda gani.
Aliposhuka ngazi nikatafuta daftari, nikafungua ukurasa mweupe,
nikachora kistari. Kimesimama hapo, kimoja,
hakina mwenzake wa kukiegemea.