Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Grafu ilipotokea ukutani, darasa zima liliguna.
Mstari unatambaa chini, siku hadi siku, kama siafu,
halafu ghafla, tarehe mosi Januari,
unapanda wima, unagusa dari.
Dakta Kaijage akavua miwani:
"Wagonjwa elfu nne mia mbili na saba,
wote siku moja ya kuzaliwa. Nani ana maelezo?"

Mmoja akasema seva ina hitilafu.
Mwingine akatumia maneno marefu ya kitabuni.
Mimi nilikuwa nafuta kiganja kwenye sketi.
Elfu nne. Wangapi ni wa kidole changu hiki?

Miaka sita nilikaa dirisha namba tatu, zahanati, Mbagala,
kabla sijajua kwamba kazi ile ina jina,
ina shahada ya uzamili, ina ada.
Foleni imefika getini, kitoto kinatapika,
na kisanduku kile chekundu:
Tarehe ya kuzaliwa. Lazima.
"Mwaka wa nzige," alisema Bi Kibibi Pazi.
"Mpunga umechanua, haujajaa.
Mama uchungu ulimkuta bondeni, akanizaa juu ya tuta."
Nyuma yake mtu akasonya.
Nikabonyeza: mosi, Januari, hamsini.
"Umeweka na nzige?"
"Nimeweka, bibi. Nenda dirisha la dawa."

Nikanyoosha mkono.
"Si seva, Dakta. Ni mimi."

Usiku Upanga, chumba cha kupanga,
feni inazunguka kwa LUKU ya elfu mbili,
najifunza kusafisha data. Ndivyo wanavyoita, kusafisha,
kana kwamba nzige ni uchafu.
Naandika mistari kumi, nasahau nukta moja,
mashine inaninunia kama mkwe.
Kaka yangu Shomvi anapiga simu:
"Ukimaliza utakuwa daktari?"
Hapana.
"Fundi kompyuta?"
Hapana.
"Sasa mama tumwambie nini?"
Mwambie nasomea watu wasipotee.
"Polisi?"

Wiki iliyopita, usaili, Posta, ghorofa ya tisa.
Watu watatu, maji ya chupa, kiyoyozi cha kugonganisha meno.
"Unajua lugha zipi?" Walimaanisha za kompyuta.
Nikazitaja mbili; ya tatu nikasema bado naikosea.
Kisha mdomo ukaniponyoka: "Na ya dirishani."
Wakatazamana.
Nikawachorea, nyuma ya wasifu wangu wenyewe,
kisanduku cha pili chini ya kile cha lazima,
kidogo tu: Mgonjwa amesemaje?
Mwaka wa nzige. Baada ya mafuriko. Babu alipozikwa.
Mashine ikadirie, sikatai,
lakini iseme kwamba imekadiria,
isijifanye ilikuwepo.
Mwenye tai akaandika neno moja.
Lilikuwa kichwa chini, sikulisoma.

Hawajapiga simu.

Jumamosi nimekwenda Mbagala na daftari, kompyuta nimeiacha.
Bi Kibibi hakunikumbuka; akanipa kigoda, akaendelea kuchambua mchicha.
Nikauliza upya, safari hii bila foleni.
"Nilishawaambia watu wa hospitali," akasema.
Najua, bibi. Niambie mimi.
Akatupa bua, akavuta pumzi:
mpunga, bonde, tuta, mabawa yalivyofunika jua,
shangazi aliyepiga debe kuwafukuza nzige
huku mtoto akitoka.
Debe lile sikulisikia mara ya kwanza.
Nikaandika yote, hadi mkono ukauma,
na pale penye tarehe nikaacha wazi.