Mwisho wa Swali la Nne

Mmefika Kasapa na mabegi mapya,
godoro limefungwa kamba nyuma ya pikipiki,
sufuria ya mama ikigonga goti.
Jakaranda zimemwaga zambarau njia nzima
mkadhani mmetandikiwa.
Karibuni. Humwaga kila Oktoba,
hata kwa waliofeli.

Mimi ni Mwad Kapend. Natunza funguo za maabara.
Nimeombwa niwatie moyo kwa dakika tano,
basi nianze na karatasi.

Mwaka wangu wa kwanza matokeo yalibandikwa ukutani.
Nilitafuta jina langu kwa kidole, juu hadi chini,
kisha chini hadi juu,
kama mtu aliyeangusha sindano.
Upepo wa Julai ulikuwa umechana pembe ya orodha;
nikajipa moyo kwamba nimo
katika kipande kile kilichopeperuka.
Sikuwamo.
Kemia: sita juu ya ishirini.

Nikarudi Katuba kwa miguu, nikipanga maneno.
Mama hakuuliza.
Alikuwa na karanga za moto na hana cha kufungia.
Akachukua mtihani wangu,
akaukata vipande vinne, akavisokota,
akauza kushindwa kwangu kwa faranga mia mia.

Siku ya tatu akarudi mteja mmoja, Kyungu,
mpima mizani mstaafu wa kiwandani,
mtu wa kisirani, wa kuhesabu karanga moja moja.
Mkononi ana karatasi inayong'aa mafuta.
"Hapa mtu anaanza kueleza
jinsi shaba inavyoachana na jiwe,
halafu karatasi inaisha. Nataka kilichobaki."
Mama akacheka. "Mwandishi si huyo hapo?"
Akanigeukia. "Haya, malizia.
Shaba ikishatoka, lile jiwe linakuwa nini?"

Nikafungua mdomo.
Mdomoni hamkuwa na kitu.

Miaka thelathini alipima gari baada ya gari
la uchafu wa tanuru, mlima mweusi ukikua
kando ya lile bomba refu la moshi,
na hakuna aliyewahi kumwambia anapima nini.
Nami nilizaliwa nikiuona kila asubuhi.

Nikarudia mwaka. Si kwa ushujaa:
kwa aibu ya kudaiwa na mla karanga.
Alfajiri nilibeba makala ya jirani hadi sokoni,
usiku umeme ulipokatika
nilisoma chini ya taa ya duka la dawa
mpaka mlinzi akaanza kuniuliza maswali.

Mlima ule, mnajua, uliitwa takataka
hadi walipokuja watu kuurudisha motoni
wakitafuta kobalti.
Wenye hotuba wanaupenda sana mfano huo.
Wanachoruka ni hiki:
ilihitajika tanuru ya pili,
na si kila kipande kilikuwa na kitu ndani.

Kwa hiyo sisemi kila anguko ni zawadi.
Mujinga, tuliyelala naye chumba kimoja,
aliugua mwezi wa tatu, akaondoka, hakurudi.
Ile ilikuwa hasara tu.
Namtaja bila kumgeuza somo.

Lakini wewe uliyebaki na pumzi,
wahenga wanakuambia utazame ulipojikwaa,
si ulipoangukia.
Mimi naongeza: paandike namba.
Swali la ngapi, mstari wa ngapi,
karatasi ilikatika wapi.
"Nimefeli" ni neno kubwa mno, halishikiki.
"Sijui jiwe linakuwa nini" ni dogo,
unaweza kulibeba hadi mlangoni kwangu.
Kitasa kinakwama. Sukuma kwa bega.

Nilipolipata jibu nililipeleka kwa Kyungu,
limeandikwa pande mbili.
Akalisoma akiwa amesimama,
akarudi juu, akalisoma tena.
Akasema mwandiko wangu ni mbaya.
Kisha akanunua karanga,
akamwomba mama azifunge kwa kitu kingine.