Safu ya Mengineyo

Msonobari wa mia mbili na kumi na nne:
unene, sentimita thelathini na moja, usawa wa kifua.
Kaitira ameshika utepe, mimi nimeshika kalamu,
na ziwa liko nyuma ya miti, halionekani,
linasikika tu, kama mtu anayekoroga uji chumba cha pili.

Hapo ndipo alipotokea.
Si kutokea: alikuwepo, macho yetu ndiyo yaliyochelewa.
Ameketi juu ya jiwe, mgongo wima,
rangi ya majivu ya jana yaliyochanganyika na vumbi la njia.

"Mondo," Kaitira akanong'ona.
Mondo gani asiye na madoa?
"Basi kanu."
Kanu ni mrefu na mwembamba kama soksi iliyovuliwa,
na saa nne ya asubuhi kanu mwenye akili zake amelala.
"Basi paka. Paka tu. Paka wa mtu."

Wa mtu.

Maana mama alikuwa na paka, akiitwa Sato
kwa kosa la siku ya kwanza: sato mzima, kutoka kikaangoni,
na adhabu yake ikawa jina.
Jike la kijivu, mistari hafifu, na mguu wa mbele wa kushoto
mweupe hadi kifundoni, kama aliyekanyaga unga wa muhogo.
Siku tuliyomzika mama kule Murutunguru,
watu wengi, masufuria mengi, mbwa wa wageni,
Sato aliingia mihogoni katikati ya mahubiri
na hakuna aliyemfuata. Nani atafute paka msibani?
Mwaka umepita, na miezi miwili juu yake.

Nikaita. Sioni haya kusema.
Nikaita kwa sauti ya mama, ile ya kubana meno:
pss, Sato, pss.
Kaitira akanitazama
kama unavyomtazama mtu anayeamkia ukuta.

Hakuja. Hakukimbia pia.
Aligeuza kichwa kufuata ndege,
na nyuma ya masikio nikaona kutu,
wekundu wa udongo wa kichuguu, masikio yote mawili.
Sato hakuwa na kutu.
Akasimama, na miguu ikaendelea kusimama
baada ya mimi kudhani imekwisha,
miguu ya aliyekulia mbali na bakuli.
Mkia: pete moja, pete ya pili, ya tatu,
na ncha butu, nyeusi, iliyochovywa wino.
Kimburu.
Paka ambaye mababu zake walikaribishwa jikoni
wakasema asante, tumeshakula.

Ningeishia hapo. Kaitira aliishia hapo,
alishavuta utepe hadi wa mia mbili na kumi na tano.
Lakini aliporuka kutoka jiweni kwenda majanini
mguu wa mbele wa kushoto ulipita kwenye jua
na ulikuwa mweupe,
au jua lilikuwa jeupe,
au ni chokaa ya mnandi tu, maana mawe ya huku
ndege wa ziwani wameyapaka bila kuombwa.

Wanasema wa porini na wa nyumbani hukutana usiku
na hawaulizani ukoo.
Nikapiga hesabu pembeni mwa ukurasa:
mimba, siku sitini na kitu; zilizobaki, za kukua.
Ikatoka sawasawa.
Nikaifuta kwa kidole chenye mate, ikaacha doa.

Daftari letu lina safu tano za miti
na ya sita, nyembamba, isiyojazwa: Mengineyo.
Humo nikaandika: Kimburu, mmoja.

Jioni ofisini, Bi Nyabwire aliinua miwani.
"Una hakika?"
Kwa masikio, nikasema, nina hakika.
Kwa mkia, nina.
Alisubiri kidogo, kama anayejua kuna cha tatu,
akaliona doa, akaligusa kwa ukucha,
kisha akapiga muhuri.