Uzi wa Tano

Cletis ana miaka ishirini na sita, mimi sitini na mmoja.
Yeye ndiye mwalimu.
Karakana yake ilikuwa banda la kukaushia tumbaku,
huku Caswell, Karolina Kaskazini,
na kuta zake bado zina ile harufu tamu
iliyommaliza mjomba Ezell taratibu.

Nimeshona soksi kiwandani miaka thelathini na minne.
Vidole vyangu vinajua kuharakisha, basi.
Siku ya kwanza akaniambia:
"Shangazi Vernelle, haraka iache hapo nje
pamoja na viatu vya tope."

Buyu nililipanda mwenyewe, kando ya uzio wa kuku.
Likakaa darini majira mawili ya baridi,
likaota ukungu mweusi, nikadhani limeoza.
Nikalitikisa: mbegu zikacheka ndani.
Nikalipasua kwa msumeno mwembamba,
nikalikwangua matumbo kwa kijiko cha supu,
na vumbi lake chungu likanikalia kooni hadi Jumapili,
kwaya nzima ikanigeukia.

Shingo ni mjozi, ubao wa kitanda alichofia mama.
Randa ilipita ikimwaga nywele za mbao zilizojikunja,
nami nikanogewa, nikala upande mmoja kupita kiasi.
Cletis hakusema neno.
Alipitisha kidole gumba toka juu kwenda chini,
akafika penye kosa, akatulia hapo
kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi.

Kisha ngozi.
Ya mbuzi, imelala ndooni usiku kucha, laini kama sikio.
Nami, kama mwamba ngoma yeyote,
nikaivutia kwangu.
Ikaja yote. Ng'ambo ikabaki mikunjo,
na njumu zikaanza kuchomoka,
tik,
tik,
sakafuni.
"Ng'oa zote," akasema. "Vuta huku, zunguka, vuta kule.
Kila ukijipa kidogo, nenda kamlipe wa ng'ambo."
Nilizunguka meza ile mara ishirini na mbili.
Goti langu la kushoto lilihesabu.

Habari za babu Arzell sikumwambia
mpaka gundi ilipokuwa inakauka
na hatuna la kufanya ila kungoja.
Babu alikuwa nayo. Aliipiga usiku wa kupukuchua mahindi,
watu wakacheza mpaka maganda yakawa unga.
Halafu wakaja mjini wanaume waliojipaka masizi usoni,
banjo mkononi, midomo imepakwa mikubwa,
na ukumbi mzima ukacheka.
Sisi ndio tuliokuwa tunachekwa.
Babu akarudi, akaitundika nyuma ya mlango, uso ukutani.
Hakuivunja. Aliwaachia panya waile ngozi.
Mama alikua akijua kuwa kuna neno moja
lisilotamkwa mezani.

Cletis alikuna kidevu.
Akaenda kuongeza kuni.

Nyuzi nne zinaanzia kichwani, bega kwa bega,
zinashuka kama watoto wanaotoka shule.
Wa tano ni mfupi. Una kigingi chake peke yake,
kimechomekwa ubavuni, katikati ya shingo.
"Huu mbona umechelewa?" nikauliza.
"Haujachelewa. Unaanzia hapo.
Na hakuna unaoufikia kwa sauti."
Nikajifanya natafuta tupa.

Mlio wa kwanza, niseme kweli,
ulikuwa wa chura aliyekanyagwa.
Mvua ilikuwa inanyesha, ngozi imelegea.
Nikaiota mbele ya jiko, nikiigeuza kama mkate,
mpaka ikakaza.
Nikaigusa tena.
Mbwa wa Cletis akainua kichwa.

Sasa iko nyumbani, nyuma ya mlango, msumari uleule,
ila uso umeelekea chumbani.
Kwenye ngozi kuna doa dogo la damu yangu,
njumu iliponichoma. Cletis anasema
ni kazi ya dakika moja, msasa laini tu.

Msasa nimeuficha.